Kutoka Gereji ya Gatsata Hadi Wodi ya Wanawake: Muhula Wangu wa Kwanza wa Uuguzi

Fundi mwenzangu wa gereji, mtu tuliyekuwa tukilala naye chini ya malori tukifungua giaboksi, alisema nitarudi kabla ya mvua kuisha. Baba mkwe wangu alisema mwanamume mwenye ndevu hawezi kukaa darasa moja na mabinti na kufundishwa kutandika vitanda. Karani wa chuo aliyepokea vyeti vyangu vya sekondari alivigeuza nyuma na mbele, akaniuliza, "Hivi ni vya Tanzania. Na wewe mwenyewe, mzee, umekuja kumwandikisha mwanao?" Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Leo nimestaafu. Diploma yangu iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na katika miaka ya kazi wote watatu niliwadunga sindano. Hawakulia, lakini mmoja alifumba macho.

Ninyi vijana mnaosoma haya mnaomba chuo kwa simu huku mmekaa kitandani. Siwaonei wivu, nawaeleza tu. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbia zamani. Nilisoma huko mpaka kidato cha sita, na biolojia nilifaulu vizuri kuliko wote darasani, jambo ambalo nalisema kwa sababu ni kweli. Tuliporudi Rwanda sikuwa na mtu wa kunishika mkono. Nilishuka Nyabugogo na begi moja, nikapanda kilima mpaka Gatsata ambako gereji zimepangana barabarani, nikaomba kazi ya kuosha vipuri. Baada ya muda nilikuwa fundi wa injini za dizeli, na wenye malori waliniulizia kwa jina.

Uuguzi ulinipata nikiwa kazini. Siku moja gari la wagonjwa lilizima kwenye mteremko juu ya Nyabugogo, nikaitwa. Mimi nikainamisha kichwa kwenye injini, na nyuma ndani ya gari kulikuwa na muuguzi peke yake na mama anayejifungua. Alikuwa akizungumza na yule mama kwa sauti ya chini, bila haraka, kana kwamba wako nyumbani wanachambua mchele. Nilimaliza kusafisha mrija wa mafuta, injini ikawaka, na wakati uleule nikasikia mtoto akilia. Dereva alinipongeza mimi. Hakuna aliyempongeza muuguzi. Nilirudi gereji nikaiangalia kazi yangu, nikajua kwamba nimeona kazi kubwa kuliko yangu, na mimi sikuzoea kushika nafasi ya pili.

Kuingia chuoni kulihitaji vyeti vyangu vilinganishwe na vya hapa, yaani wizara ithibitishe kwamba kidato cha sita cha Tanzania ni sawa na sekondari ya Rwanda. Kulikuwa na mtihani wa kuandika, kisha mahojiano. Kwenye mahojiano Mkuu wa Chuo aliniuliza kwa nini fundi wa magari anataka kuwa muuguzi. Nilimjibu kwamba injini haiwezi kukuambia inaumwa wapi, lazima uisikilize, uishike, uinuse, na kwamba mimi nimefanya hivyo miaka mingi bila kukosea mara nyingi. Alicheka, akaandika kitu. Nilichukuliwa. Mke wangu, ambaye alikuwa akiuza nyanya na vitunguu kwenye soko dogo kando ya barabara, alisema tu, "Haya, basi mimi nitaongeza ndizi." Kwa nyanya, vitunguu na ndizi hizo nilisoma.

Siku ya kwanza tulifundishwa kunawa mikono. Mtu wa nje hucheka akisikia hivyo. Mkufunzi wa Mazoezi ya Vitendo, ambaye ndiye aliyetufundisha kila kitu kinachofanywa kwa mikono, alikuwa mama mrefu aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, anayezungumza Kiswahili cha huko kwa sauti kavu. Alitupanga kwenye masinki, akatuonyesha: kiganja kwa kiganja, nyuma ya mkono, katikati ya vidole, kidole gumba peke yake, kucha kwenye kiganja. Alipofika kwangu alinyanyua mkono wangu na kuutazama kwenye mwanga.

"Hiki ni nini?"

"Mafuta ya injini, Mkufunzi. Yameingia kwenye ngozi. Hayatoki."

"Yatatoka."

"Nimejaribu petroli, Mkufunzi."

"Utajaribu sabuni na subira. Kila asubuhi utaniletea mikono hii kabla ya mtu mwingine yeyote, Fundi."

Toka siku hiyo jina langu kwake likawa Fundi. Wanafunzi wenzangu, wengi wao mabinti na vijana waliotoka sekondari mwaka huohuo, waliniita TZ, kama tulivyoitwa wote tuliotoka Tanzania. Walicheka Kinyarwanda changu. Nilikuwa nakisema kama wazee, kwa maneno ambayo mama yangu aliondoka nayo akiwa bado msichana, na nilipomsalimia mgonjwa mabinti walikuwa wakiziba midomo. Binti mmoja, Dativa, aliyekaa dawati moja nami, aliniambia siku moja, "TZ, ukiongea naona kama babu amefufuka." Sikukasirika. Dativa ndiye aliyenisomesha majina ya mifupa, nami nikamfundisha mashine ya presha, kwa sababu mtu aliyeshika pampu za matairi maisha yake yote haogopi kitu kinachojazwa upepo na kuachiwa polepole. Unafunga kitambaa juu ya kiwiko, unapampu mpaka mapigo yanyamaze, unaachia, unasikiliza sauti ya kwanza na sauti ya mwisho. Wengine walihitaji wiki kuisikia. Mimi niliisikia siku ileile.

Anatomia ilinitesa. Usiku wangu wa kusoma ulikuwa mfupi kwa sababu mimi, mke wangu na watoto tulilala chumba kimoja, na watoto walihitaji giza. Nilisoma majina ya mishipa nikitembea kwa miguu kutoka Gatsata kwenda chuoni, nikiyatamka kwa sauti, na waendesha pikipiki walikuwa wakipunguza mwendo kuniangalia. Niliyashika yote. Kwenye mtihani wa kuandika sikuwa wa kwanza, lakini waliokuwa mbele yangu walikuwa wachache.

Kilichobaki ni mtihani wa vitendo, na huo ndio uliokuwa ukituondolea usingizi. Sheria ya chuo wakati huo ilikuwa moja na haikuwa na msamaha: anayeanguka vitendo muhula wa kwanza anaondoka. Harudii. Nafasi yangu gereji ilikuwa imeshachukuliwa na kijana mwingine, na mke wangu alikuwa ameshaongeza kila kitu kinachoweza kuongezwa kwenye meza moja ya sokoni. Nikiondolewa, sikuwa na pa kurudi.

Mtihani ulifanyika wodini, kwenye hospitali tuliyokuwa tukifanyia mazoezi, kwa wagonjwa wa kweli. Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja. Kazi zilikuwa kupima joto, mapigo ya moyo, kupumua na presha, kisha kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, ambayo ni kazi ya kumgeuza mtu upande mmoja, kubadilisha shuka nusu, kumgeuza tena na kumalizia, bila kumfunua na bila kumuumiza. Mkufunzi alitukusanya mlangoni.

"Ukishaanza, huondoki kitandani kwa mgonjwa wako mpaka mimi nikuambie. Si kwa maji, si kwa haja, si kwa jambo lolote. Anayeondoka amemtelekeza mgonjwa, na hapo anapata sifuri ya ulinzi wa mgonjwa, ambayo karibu hakuna anayepita nayo. Mmenisikia?"

Tukaitikia wote.

Nilipangiwa wodi ya wanawake, bibi mmoja kutoka Byumba aliyekuja Kigali kumsubiri binti yake ajifungue, na hapo akagundulika ana ugonjwa wa sukari. Alikuwa mwembamba, amejifunika kitenge mpaka kidevuni, na amekaa kitandani wima kama mtu aliye ugenini. Muuguzi wa zamu alikuwa ameshamdunga insulini ya asubuhi, ile inayofanya kazi haraka. Kwa wasiojua: insulini inashusha sukari kwenye damu, kwa hiyo anayedungwa lazima ale mara moja. Asipokula, sukari inashuka kupita kiasi, anatoka jasho baridi, anatetemeka, akili inachanganyikiwa, kisha anazimia, na akiachwa hivyo anaweza kufa huku chakula kiko pembeni yake.

Na chakula kilikuwapo. Juu ya kimeza kulikuwa na chupa ya uji na sahani ya viazi na maharage, imefunikwa kitambaa cheupe safi. Kando ya kitanda, kwenye kiti, alikaa mwanamume wa umri kama wangu, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Alikuwa ameinamisha macho chini, mikono juu ya magoti.

"Wewe ndiye mrwaza wake?" nilimwuliza. Mrwaza ndivyo tunavyomwita hapa ndugu anayekaa na mgonjwa hospitalini, na kila mvaa koti jeupe, daktari au muuguzi, huitwa muganga.

"Ndiyo, muganga. Mimi ni mkwe wake. Madamu wangu amejifungua juzi, iko nyumbani na mtoto, hawezi kutoka. Amenituma mimi. Mimi ni fundi nguo, Nyamirambo, karibu na msikiti."

Nilianza kazi. Mkufunzi alisimama mwisho wa wodi, karatasi mkononi, akitazama vitanda vyote kwa zamu. Joto lilikuwa la kawaida. Nikashika kifundo cha mkono wa bibi nihesabu mapigo, na hapo nikajua kuna jambo. Mkono ulikuwa umelowa na umepoa kama bomba la maji asubuhi. Mapigo yalikuwa yakikimbia. Vidole vyake vilikuwa na mtetemeko mdogo, ule ambao kwenye injini unaushika kwa kiganja kabla ya kuusikia kwa masikio.

"Mama, umeshakula?" nilimwuliza kwa Kinyarwanda changu cha Karagwe.

"Nitakula, mwanangu."

"Lini umedungwa sindano?"

"Nitakula," akasema tena, polepole, kama mtu anayetafuta neno.

Mkwe aliingilia kwa heshima, bila kuinua macho. "Nimeleta chakula muda mrefu sana, muganga. Cha moto kabisa. Anasema atakula. Mimi nangoja tu. Madamu ameniambia nisithubutu kurudi nyumbani kabla sijaona mama yake amemaliza sahani."

Hapo nikaelewa kila kitu, na aliyeniwezesha kuelewa alikuwa mama yangu.

Wazazi wetu waliokimbia Rwanda walizibeba desturi zao kama mtu anavyobeba mayai, na kule ukimbizini hawakuvunja hata moja. Mama yangu hakuwahi kula mbele ya mume wa dada yangu. Si mara moja. Shemeji akiingia nyumbani, mama aliacha kijiko, akafunika sahani, akaenda kukaa upande mwingine, na kama shemeji alikaa mpaka jioni basi mama alishinda na njaa mpaka jioni, akicheka na kuulizia ng'ombe. Mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake. Mkwe naye hatakiwi kumwona mama mkwe akitafuna. Ndivyo heshima ilivyokuwa. Vijana wenzangu waliokulia mjini walikuwa wakiona wakwe na mama wakwe wakishiriki sahani moja kwenye harusi, kwa hiyo hawakuijua desturi hiyo. Na yule fundi nguo wa Nyamirambo, mtu wa mjini, alikuwa akitii amri ya mke wake kwa moyo wote. Bibi alikuwa akimsubiri atoke. Yeye alikuwa akimsubiri bibi ale. Wawili hao wangeheshimiana mpaka mmoja afe.

Mtaniuliza kwa nini sikusema tu. Vitanda vilikuwa karibu kiasi cha kushikana mikono, na wodi nzima ilikuwa kimya kwa ajili ya mtihani. Ningesema kwa sauti kwamba mama huyu ana njaa na anamwonea haya mkwe wake, ningemvua nguo mbele ya watu. Mama yangu angefunika uso na asingegusa kile chakula hata kwa bunduki. Nilimwambia mkwe, "Kaka, nenda ukapumzike nje kidogo." Akakataa kwa upole. "Hapana, muganga, mimi sijachoka. Ahadi ni ahadi." Sikuwa na uwezo wa kumfukuza. Muuguzi wa zamu alikuwa amekwenda kuchukua dawa stoo. Bibi alianza kuniangalia kama ananitafuta kwenye ukungu.

Nilivuta pazia la magurudumu likakifunika kitanda upande wa wodi. Nikamimina uji kikombeni, nikatia vijiko vilivyojaa vya sukari kutoka kimeza cha jirani, nikamgeukia mama mmoja mnene aliyekuwa akimwuguza dada yake kitanda cha jirani. Kabla sijafungua mdomo alinyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Mtoe huyo kijana," alininong'oneza. "Tangu asubuhi namwangalia. Ningekuwa na nguvu ningembeba na kiti chake."

Basi nikainua mkono wangu wa kulia juu, nikauvuta kwa nguvu mpaka nikasikia mshono wa koti langu jeupe ukiachia kwapani. Lilikuwa koti langu la pekee.

"Kaka fundi, nisaidie. Niko kwenye mtihani na koti limepasuka. Njoo uniangalie hapo nje kwenye mwanga."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Wataniondoa."

Nilikuwa nimegusa ufundi wake. Alisimama. Hilo lilikuwa jambo ambalo hata mke wake asingemlaumu. Tukatoka pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nimeinua mkono kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, na nilipopita karibu na Mkufunzi niliona macho yake yakinifuata kutoka kitandani mpaka mlangoni. Aliinamisha kichwa akaandika.

Nje kwenye korido fundi alilishika kwapa lile kwa vidole viwili.

"Nani alikushonea hii?"

"Mke wangu."

"Pole."

"Mimi au yeye?"

"Koti. Ametumia uzi wa magunia. Na hapa hakuacha nafasi, mtu akipumua tu linaachia." Alitoa sindano kwenye ukingo wa shati lake, uzi akautoa mfukoni. "Usivue. Simama wima. Ukinitikisa nitakudunga, halafu wewe ndiye muganga."

Alishona haraka, akazungumza haraka kuliko alivyoshona: mtoto ni wa kike, ana nywele nyingi, mama mkwe ni mtu mwema sana lakini hali kabisa, tangu amelazwa hajamwona akila hata kipande. "Pengine hapendi chakula cha kwetu. Sisi iko na mafuta mengi."

"Anapenda," nikamwambia. "Na kola hii, naona imelala upande?"

"Kola! Kola hiyo ni aibu ya taifa." Akaanza na kola.

Nilipoona amekata uzi, tulirudi. Pazia lilikuwa bado limefungwa. Mkufunzi alikuwa ndani yake, amesimama kando ya bibi, na kipimo cha sukari kilikuwa mkononi mwake. Kikombe kilikuwa kitupu na viazi vilikuwa vimepungua. Bibi alikuwa ameshaanza kunifahamu tena, amefuta mdomo, amekaa wima vilevile kama mgeni. Mkwe aliitazama sahani, akashika kifua.

"Amekula?"

"Amekula," nikasema.

"Mungu asifiwe. Madamu angenichinja."

Mkufunzi alinipita bila kunitazama. "Malizia kitanda, Fundi," alisema. Nilimalizia. Shuka zilinyooka bila kunjo, naweza kuapa.

Mchana aliniita ofisini. Alikuwa amekaa, karatasi yangu mbele yake, mikono amekunja.

"Nilisema nini mlangoni?"

"Tusiondoke kitandani, Mkufunzi."

"Ukaondoka kwenda kushonewa nguo."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa sauti ya chini ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Nilimweleza juu ya mama yangu na shemeji yangu, na kwamba nilipasua koti mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyumbani kwetu Bujumbura bibi yangu alikuwa hivyohivyo," alisema. "Nilikuwa nimesahau. Sukari ya yule mama ilikuwa chini sana nilipoipima, Fundi. Kikombe ndicho kilichoanza kuirudisha. Nilimpima tena baadaye ikawa inapanda."

Nikavuta pumzi.

"Bado. Ulimwacha mgonjwa ambaye sukari inaporomoka, ukamkabidhi kwa mrwaza wa kitanda cha jirani. Mama yule ni mwema, lakini kama bibi angepaliwa na uji angefanya nini? Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu. Kwa nini hukuja kuninong'oneza mimi?"

Ukweli ni kwamba nilimwona kama mtihani, sikumwona kama muuguzi aliye karibu.

"Nilipoona umeondoka nilikuandikia sifuri ya ulinzi wa mgonjwa. Nilitoka pale kwenda kuthibitisha jinsi ulivyomtelekeza." Alichukua kalamu. "Sifuri naiacha. Sheria ni sheria, na nikikufutia wewe kesho mwingine ataondoka kwenda kununua maandazi. Lakini kuna sehemu hapa inaitwa kumtambua mgonjwa aliye hatarini. Wengi nawapa nusu kwa sababu hakuna mgonjwa aliye hatarini. Hii nakupa yote. Na kitanda kimetandikwa vizuri." Akajumlisha kimya, midomo ikitikisika. "Umepita. Kwa upana wa unywele. Toka kabla sijajumlisha mara ya pili."

Nilifika mlangoni akaniita tena.

"Fundi. Nionyeshe mikono."

Nikamwonyesha. Aliitazama pande zote mbili, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye karatasi zake.

Jina langu lilibandikwa la mwisho kati ya waliopita. Dativa alilitafuta kuanzia juu, maskini, mpaka akakata tamaa, nikamwonyesha chini. Sijawahi kuona aibu kwa nafasi ile. Miaka iliyofuata nilipanda, na siku ya kupokea diploma nilikuwa kati ya walioitwa mbele.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kituo cha afya upande wa Kinyinya, wakati huo kila kiwanja ni msingi wa nyumba, na siku nzima tulishona vidole vya waashi. Msimamizi wa Kituo alikuwa mtu wa maneno machache aliyependa taarifa zilizonyooka. Baadaye nilihamishiwa hospitali ya wilaya, wodi ya wanaume, kisha nikapelekwa kliniki ya wagonjwa wa sukari, ambako nilikaa mpaka kustaafu. Wanafunzi wengi sana wamepita mikononi mwangu. Kila mmoja nilimfundisha kwamba ukimdunga mgonjwa insulini usimwulize tu kama chakula kipo. Uliza kimeletwa na nani, na huyo aliyekileta amekaa wapi. Wengine waliandika bila kuelewa. Wakifika wodini walielewa. Katika vitabu vyao haimo, na kama siku moja itaingia, mjue ilianzia kwapani mwa koti langu.

Siku ya kuagwa nilipewa nafasi ya kuzungumza, nikashukuru wengi: Mkufunzi ambaye aliniachia sifuri yangu na kuniokoa kwa haki, Dativa na mifupa yake, mke wangu na ndizi zake. Nashukuru hata waliosema sitaweza, kwa sababu wakati wa anatomia hasira ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Mwenyekiti wa sherehe alikuwa akitazama saa, kwa hiyo mmoja nilimruka. Namweka hapa.

Jioni ya matokeo nilikwenda kwa mama yangu, aliyekuwa akiishi nasi Gatsata kwenye chumba cha nyuma. Nilimweleza yote, nikifikiri atafurahi kwamba desturi yake imeokoa mtu. Alisikiliza, uso wake ukabadilika.

"Ulimwambia mwalimu wako kwamba mama wa watu alikuwa na njaa?"

"Mama, ningeondolewa chuoni."

"Ulimtaja jina?"

"Sikumtaja."

"Na mkwe wake?"

"Hajui mpaka sasa. Anafikiri ni viazi."

"Basi vizuri," akasema. "Na huo mtihani?"

"Nimepita, mama."

Aliinuka, akajifunga kitenge, akatoka mpaka kwenye ua. Mama yangu huyo, ambaye asingeweza kutamka kwamba mwanamke mwenzake ameshika kijiko, alisimama kwenye uzio akawaita majirani kwa majina, nyumba hii na nyumba ile, mpaka upande wa pili wa barabara ambako gereji zilikuwa zikifunga, akawatangazia kwamba mwanawe wa kiume ni muganga, amewashinda watoto wa mjini wote, na mwenye homa asubiri foleni. Mafundi wenzangu wa zamani waliacha spana wakasikiliza. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba bado nina miaka ya kusoma, kwamba nimekuwa wa mwisho. Hakugeuka.

Wanaosema kwamba najisifu sana wana haki. Nimerithi kwake.